Balbu Haili Mkondo

Wiki hii nimesahihisha daftari jingine ambamo betri ya volti 6 imeunganishwa kwa mfululizo na balbu ya omu 4, kisha balbu ya omu 8, na mwanafunzi, kwa mwandiko wa kupendeza, amegawanya 6 kwa 4, akaipa balbu ya kwanza ampea 1.5, kisha akaiachia ya pili "mkondo uliobaki". Hakuna mkondo uliobaki, kwa kuwa hakuna uliotumika. Ukinzani wote ni omu 12, kwa hiyo mkondo, yaani 6 gawanya kwa 12, ni ampea 0.5 mahali popote katika sakiti, hata kwenye waya unaorudi kwenye betri. Volti hugawanyika 2 na 4, nguvu zikawa wati 1 na wati 2. Maana yake, balbu iliyodhaniwa kupata makombo ndiyo inayowaka zaidi.

Simlaumu sana, maana mtego huu ameukuta nyumbani: friji "inakula umeme", na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikimalizika "umeme umeisha". Kinacholiwa ni nishati, ndiyo maana uniti moja ni kilowatisaa moja wala haihesabiwi kwa ampea. Chaji, ambayo mtiririko wake ndio mkondo, haipungui: kama inayoingia kwenye balbu ingekuwa nyingi kuliko inayotoka, ingerundikana humo bila kikomo, jambo ambalo balbu hailiwezi.

Wengine hunijibu kwamba elektroni, zile chembe zinazobeba chaji, hutoka mbio kwenye betri, zikaikuta balbu ya kwanza kwanza. Mbio gani? Kokotoeni mwendo wake: mkondo wa ampea 0.5 katika waya wa shaba wenye mkato wa milimita 1 ya mraba husukuma elektroni kwa wastani wa takriban milimita 0.037 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua zaidi ya saa saba, na konokono angekwisha kufika, akala, akalala. Taa haisubiri kwa sababu waya mzima umejaa elektroni tangu mwanzo. Kinachokwenda kasi ni uga wa umeme unaozisukuma zote karibu kwa pamoja.

Hapo huja swali ambalo walimu wengi, nami nikiwamo, tumelikwepa: balbu ya kwanza inajuaje kwamba mbele yake ipo ya pili? Ukweli ni kwamba swichi inapofungwa, kwa kitambo kifupi mno, mkondo hauko sawa kila mahali. Chaji hujipanga juu ya nyuso za waya hadi uga ukatulia. Sijapata namna ya kulieleza hilo ubaoni kwa dakika kumi. Mfano wa maji ya bombani nautumia kwa shingo upande, kwani bomba likikatwa maji humwagika, ilhali waya ukikatwa mkondo husimama tu. Hata zile "omu 4" za balbu ni uongo wa heshima, kwa kuwa uzi wake ukiwa wa baridi ukinzani huwa mdogo mara kadhaa kuliko unapowaka.

Kuna pia mwanafunzi atakayeweka amita mbili, yaani vipimo vya mkondo, moja kila upande wa balbu, asome 0.50 na 0.48, kisha anitazame kama aliyemkamata mwizi. Mwambieni abadilishane amita hizo mahali pake. Mara zote nilizofanya hivyo, 0.48 imehama pamoja na amita yake.