Je, wajua kwa nini redio ya kaseti hula kanda?

"Fundi, redio imekula kanda ya harusi yangu!" Mama mmoja aliniletea kesi hiyo hapa Luthuli Avenue, Nairobi, redio ya spika mbili kaikumbatia, utepe wa kahawia ukining'inia mlangoni. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Mama, usivute."

Wengi hulaumu kanda. Mara nyingi haina kosa.

Tangu Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, utepe wake hutembea kwa mwendo uleule: sentimita 4.76 kwa sekunde. Vile vijigurudumu vyenye meno unavyoviona vikizunguka dirishani siyo vinavyoupanga mwendo huo. Kazi hiyo ni ya kijiti chembamba cha chuma na gurudumu dogo la mpira linalokibana. Utepe hupita katikati yao na kuvutwa. Kijigurudumu kimojawapo chenye meno hukusanya tu kilichokwisha kupita. Sasa kikichoka kukusanya, kijiti hakina habari, kinaendelea kutoa. Utepe unamwagika ndani, gurudumu la mpira linaunasa na kuuzungushia mwilini mwake. Hapo ndipo tunasema redio imekula.

Kwa hiyo sikiliza kabla ya kushika bisibisi. Mwimbaji akivuta maneno kwa sauti nzito kama aliyesinzia, shuku mkanda wa mpira utokao kwenye mota, au mota yenyewe. Wimbo ukienda sawasawa kisha ghafla ukamezwa, tatizo liko upande wa kukusanya. Fungua mlango, bonyeza pa kucheza bila kaseti, gusa kijigurudumu kinachozunguka kwa ncha ya kidole. Kizima kitasimama ukikibana kidogo, na ukikiachia kitaendelea palepale. Kikisimama kwa kuguswa tu, au kikienda kwa kushtukashtuka, umempata mwizi.

Ya yule mama ilikuwa mbaya zaidi. Nilipofungua mgongo, mkanda wa mpira haukuwa mkanda tena. Ulikuwa umeyeyuka kuwa lami nyeusi, imeganda kwenye magurudumu na kuninata vidoleni. Mpira wa zamani huwa hivyo hata redio ikikaa kabatini bila kutumika. Lami hiyo iondoe yote kwa pamba na alkoholi ya isopropili, kwa subira, kwa sababu chembe ikibaki mkanda mpya utateleza. Petroli na mafuta ya taa usiviguse kabisa: huvimbisha mpira.

Mkanda uliolegea usikupe kipimo, maana umeshatanuka. Zungushia uzi pale mkanda unapopita, upime, kisha nunua wenye mzunguko mfupi kidogo, kama asilimia 5. Ukikaza kupita kiasi unaichosha mota. Safisha pia gurudumu la mpira mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Vumbi la kanda ndilo hulifanya linate.

Utepe wenyewe niliutoa kwa kulizungusha gurudumu zito la ndani, lile linalozungusha kijiti cha chuma, kinyumenyume kwa kidole, duara moja baada ya jingine, kama robo saa hivi. Kisha biro kwenye tundu la kaseti, nikaurudisha taratibu. Tuliicheza pamoja pale kaunta. Palipokunjika, sauti huzama kidogo, halafu vigelegele vinarudi.