“Lakini Fundi, WordPress Si Ni Bure?”

Wiki iliyopita mteja alisoma makadirio yangu ya kujenga tovuti yake, akafika kwenye mstari wa matunzo ya kila mwaka, akaweka kidole hapo na kuniuliza: “Lakini fundi, WordPress si ni bure?” Swali hili nimelisikia mara nyingi mno, siku hizi nalijua kabla halijatoka mdomoni. Nitakaa nalo kuliko mengine, kwa sababu ndilo limeua tovuti nyingi ninazoitwa kuzifufua.

Dhana: CMS (mfumo wa kuendeshea maudhui ya tovuti, kama WordPress) ni bure, kwa hiyo tovuti ikishajengwa haina gharama

Kiswahili kingetuepusha na mkanganyiko huu kama tungekisikiliza. Waingereza wana neno moja, “free”, sisi tunayo mawili: huru na bure. WordPress, Drupal na Joomla ni programu huria. Zimetolewa kwa leseni ya GPL, inayokuruhusu kuzitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Hakuna atakayekudai ada ya leseni. Uhuru huo ndio uliozaa WordPress yenyewe mwaka 2003, pale Matt Mullenweg na Mike Little walipochukua b2, programu ya blogu iliyokuwa imeachwa bila mwendelezaji, wakaijenga upya. Joomla nayo ilichipuka kutoka CMS iliyoitwa Mambo mwaka 2005 kwa njia hiyo hiyo. Ila leseni hiyo hiyo inatamka wazi kwamba programu inakuja bila dhamana. Ikivunjika usiku wa manane, ni yako na usiku wako.

Sasa hesabu. Seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, unailipia. Domeni, yaani anwani ya tovuti, unailipia kila mwaka. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya fomu, ya malipo, ya kupanga miadi: toleo la bure linakufikisha mlangoni, na ufunguo umo kwenye toleo la kulipia, ambalo mara nyingi leseni yake ni ya mwaka. Usipoilipia tena, plagini nyingi hazizimiki. Zinaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila masasisho yanakatika. Hicho ndicho kinachowaponza watu. Tovuti inaonekana nzima, fomu inatuma, picha zinapishana pale juu, na mwenye biashara anajipongeza kwa kubana matumizi.

Niliwahi kukabidhiwa tovuti ya namna hiyo. Aliyeijenga alishapotea, simu haipokelewi. Plagini zilipita arobaini, na baadhi hata mwenye tovuti hakujua zinafanya nini. Kampuni ya kuhosti, iliyomkodishia seva, ikapandisha toleo la PHP, lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa, na ilikuwa na haki, kwa sababu PHP 7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022. Asubuhi ukurasa wa mbele ukawa mweupe pe. Mwenye tovuti alinipigia akiamini amedukuliwa. Hakuna aliyemdukua. Mfumo ulikuwa umekaa miaka bila mtu wa kuuangalia, basi. Tulipotaka kuihamisha tukagundua domeni imesajiliwa kwa jina la yule fundi aliyepotea. Kumtafuta kulituchukua muda mrefu kuliko kuitengeneza tovuti.

Watu wa Drupal wasicheke. Drupal 7 ilitoka Januari 2011 na msaada wake rasmi ukakoma tarehe 5 Januari 2025. Miaka 14 si haba. Lakini katikati, Novemba 2015, ilitoka Drupal 8 ikiwa imejengwa upya juu ya vipande vya Symfony, mkusanyiko wa msimbo wa PHP uliotengenezwa na wengine, na kutoka 7 kwenda 8 hakukuwa suala la kubofya kitufe. Moduli (plagini za Drupal) zilipaswa kuandikwa upya, mandhari, yaani mwonekano wa tovuti, yatengenezwe upya, maudhui yahamishwe. Kwa ufupi, ulikuwa unajenga tovuti nyingine. Siisemi Drupal vibaya. Penye maudhui ya aina nyingi na watumiaji wenye ruhusa tofauti tofauti, bado naiheshimu kuliko zote. Nasema kila mfumo una kalenda yake, na ukishauchagua, kalenda hiyo inaingia kwenye bajeti yako upende usipende.

Kwa hiyo mteja akiniletea makadirio matatu nimlinganishie, gharama ya kujenga huwa siitazami kwanza. Namuuliza: ni nani atakayebofya “sasisha”, na kitu kikivunjika, atairudishaje tovuti ya jana? Hapo ndipo ninaposikia jibu ninalolichukia kuliko yote: “Yupo mtoto wa dada yangu, anajua kompyuta.” Mpwa ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Ana masomo yake, ana maisha yake, na hakuna aliyemwambia kwamba masasisho yanajaribiwa kwanza kwenye nakala ya tovuti kabla ya kuguswa tovuti yenyewe. Na bakapu (nakala ya akiba) ambayo haijawahi kurudishwa kwa majaribio, mimi siihesabu. Nimeshafungua mafaili ya bakapu yaliyotunzwa mwaka mzima nikakuta picha tu, hifadhidata haimo.

Kama mtu wa kuitunza hayupo na fedha ya kumlipa haipo, usichukue CMS ya kujihostia, unayoitunza mwenyewe kwenye seva yako. Nenda kwenye majukwaa ya kulipia yanayokutunzia mfumo, kama Wix, Squarespace, au Shopify kama unauza bidhaa, ulipe ada yao na ulale usingizi. Hakuna aibu. Nimewashauri hivyo wateja wengi, nikajinyima kazi mwenyewe.

Dhana: Kwenye majukwaa hayo ya kulipia, nikichoka nitahama tu

Utahama na begi, nyumba itabaki. Tovuti ya Wix haiwezi kuchukuliwa nzima ikawekwa kwenye seva nyingine. Squarespace inakutolea faili ambalo WordPress inaweza kulisoma, lakini lina sehemu ya kurasa tu, na mwonekano haumo. Shopify inakupa orodha ya bidhaa na wateja katika CSV (faili la jedwali), na mandhari yake, yaliyoandikwa kwa Liquid, lugha ya Shopify ya kutengenezea kurasa, hayana kazi nje ya Shopify. Wakati mwingine si wewe unayeamua kuhama: mwaka 2018 Adobe ilitangaza kuifunga Business Catalyst, jukwaa lake la kujengea tovuti, na wafanyabiashara waliokuwa humo wakalazimika kutafuta pa kwenda.

Mimi ningefanya hivi: domeni iandikwe kwa jina la biashara, kwenye akaunti inayofunguliwa na mwenye biashara, si na mimi wala fundi mwingine yeyote. Maandishi na picha za asili zikae kwenye folda yako mwenyewe. Ukiwa na hivyo viwili, mengine yanajengeka upya.

Dhana: WordPress inadukuliwa sana, tuchukue nyingine

Inashambuliwa sana kwa sababu iko kila mahali. Zaidi ya tovuti nne katika kila kumi zinaitumia. Mianya mingi ya usalama inayopatikana haimo kwenye WordPress yenyewe, imo kwenye plagini. Tangu toleo 3.7 la mwaka 2013 viraka vidogo vya usalama vya mfumo vinajisakinisha vyenyewe, na bado nakutana na mafundi waliozima huduma hiyo “isije ikaharibu kitu”. Na hiyo “nyingine” si ngome. Oktoba 2014 Drupal 7 ilipata mwanya mbaya kiasi kwamba timu yao ya usalama ilisema tovuti isiyowekwa kiraka ndani ya saa saba tangu kutangazwa kwake ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Saa saba! Mpwa alikuwa darasani.

Dhana: Basi tuandikiwe CMS yetu, ambayo hakuna anayeijua

Ni kweli, hakuna anayeijua, pamoja na wewe na fundi atakayefuata. Mianya yake ipo vilevile, ila hakuna jamii ya watu wanaoitafuta ili waizibe. Isipokuwa biashara yako ina jambo ambalo kweli hakuna mfumo unaoliweza, kimbia.

Dhana: Tutumie wanachotumia wakubwa

Tovuti ya Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009. Mwaka 2017 ikahamia WordPress. Ungemwiga nani?

Dhana: Google inaipenda CMS fulani

Google inaupima ukurasa, haimpimi aliyeutengeneza. Kipimo kimojawapo ni muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinachukua hadi kionekane, na inataka kisizidi sekunde 2.5. Picha ya megabaiti nane iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera itakushinda kwenye CMS yoyote uipendayo.

Dhana: Tumeonyeshwa mfumo, ni rahisi kutumia

Mliuonyeshwa na muuzaji anayeutumia kila siku. Hata mimi nikiendesha gari langu naonekana dereva hodari. Mwambie muuzaji akae kimya, kisha mkalishe mbele ya kompyuta yule atakayeandika habari za tovuti, si bosi wala mtu wa TEHAMA. Abadilishe bei moja, aweke picha, achapishe tangazo, halafu aliondoe. Nilifanya hivyo na mteja mmoja kwa mifumo mitatu. Dada wa mapokezi alikwama kwenye miwili, mmoja kati ya hiyo ukiwa ule niliokuwa nimeupendekeza mimi, na wa tatu akaumaliza wakati chai yangu bado ina moto. Tukachukua huo wa tatu. Sikuupenda, na hadi leo siupendi. Tangazo jipya linatoka kila Ijumaa.