Kabla hujasaini kutolewa kizazi: maswali kutoka kwenye kapu la vikoba, Uyole

Kikundi chetu cha vikoba hapa Uyole, Mbeya, hukutana Jumapili baada ya ibada. Mwezi uliopita, hesabu za hisa zilipoisha, tulimwomba kila mwanamke aandike kwenye karatasi swali moja kuhusu kizazi, bila jina, alitumbukize kwenye kapu. Mimi ni mkunga mstaafu, kwa hiyo kapu likaletwa kwangu. Nimejibu yale yaliyojirudia.

Kutoa kizazi na kufunga kizazi si kitu kimoja?

Hapana, ni mbali kabisa. Anayefunga kizazi hufungwa mirija tu: hedhi inaendelea, kizazi kipo palepale. Anayetolewa kizazi huondolewa mji wa mimba wenyewe. Hedhi inakoma na mimba haiingii tena. Wakati mwingine na ovari (vifuko vya mayai) hutolewa. Kama ulikuwa hujafikia umri wa kukoma hedhi, ukomo unakuja kwa ghafla: joto la mwili kupanda usiku, usingizi kukatika, na baadaye mifupa na moyo kudhoofika mapema.

Shangazi yangu wa Makete alipasuliwa zamani katika hospitali moja, akaambiwa "tumetoa uvimbe." Akakaa miezi minane akiisubiri hedhi. Mganga wa kienyeji alikwishamlia kondoo wawili kabla ultrasaundi haijaonyesha kwamba kizazi hakipo. Hakuna aliyemficha kwa ubaya, nadhani. Hakuna aliyemweleza tu.

Nina mayoma. Nimeambiwa kizazi kitoke. Ni lazima?

Mayoma ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana uvimbe uliodhaniwa mayoma kukutwa na saratani. Wanawake wengi wanafika miaka 50 wakiwa nayo, na wengi wao hawajui. Sisi weusi huyapata mapema zaidi, na huwa makubwa. Yasiyosumbua huachwa. Hedhi ikikoma, kwa kawaida hunywea yenyewe.

Lazima ipo. Saratani ya mji wa mimba, kizazi kilichopasuka kwenye uchungu, damu baada ya kujifungua iliyogoma kukata kwa dawa zote: hapo kutoa kizazi kunaokoa maisha, na wewe au ndugu zako msipoteze muda kubishana. Mayoma mengi hayamo humo. Wengine huambiwa "umeshazaa wanne, kizazi cha nini?" Jibu hilo mimi silikubali. Kuwa umemaliza kuzaa si ugonjwa.

Basi kuna njia gani nyingine?

Inategemea kinachokusumbua, ukubwa wa mayoma, yalipokaa, na kama bado unataka mtoto.

Kama tatizo ni damu nyingi, anza na dawa. Kuna vidonge vya traneksamiki asidi, vinavyomezwa siku za damu tu, na hupunguza damu kwa karibu nusu. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu asivitumie. Ibuprofeni nayo hupunguza damu kidogo na maumivu. Kisha kuna kitanzi chenye homoni, ambacho hukaa miaka mitano au zaidi na huweza kupunguza damu kuliko vidonge vyote, ila mayoma yakiwa yamekibana chumba cha kizazi kinaweza kutoka chenyewe. Sikilizeni vizuri hapa, maana nimeona kosa hili mara nyingi: kitanzi cha shaba, kile cha kawaida cha uzazi wa mpango, si hicho. Cha shaba huongeza damu.

Huku ukitibu damu, pima wingi wa damu yako na umeze vidonge vya madini ya chuma. Wapo wanaochoka, wanasikia kizunguzungu wakipanda mlima na kiroba cha viazi, wanadhani ni uzee. Ni damu imekwisha.

Kama mayoma yenyewe ndiyo tatizo, yanaweza kutolewa na kizazi kikaachwa. Daktari anafungua tumbo, anayatoa, anashona kizazi. Yaliyoota ndani ya chumba cha kizazi, yakiwa madogo, yanaweza kutolewa kwa kupitishia kifaa ukeni, bila kukata tumbo popote, mahali penye kifaa hicho. Nani afikirie njia hii? Anayetaka mtoto, kwanza kabisa. Ila jua kwamba mayoma yanaweza kuota upya, na ukipata mimba mwambie mkunga mapema kwamba ulipasuliwa kizazi. Huenda utashauriwa kujifungua kwa upasuaji.

Halafu kuna kuziba mishipa.

Hiyo ya kuziba mishipa ndiyo ipi? Inauma?

Inauma, sitawadanganya, ila si wakati wa kufanyiwa. Unachomwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono, unapitishwa mrija mwembamba kama tambi ndani ya mshipa, hadi kwenye mishipa inayolisha kizazi. Daktari anatazama njia yote kwenye skrini ya eksirei. Akifika anamwaga punje ndogo kama mchanga, zinaziba. Mayoma yanakosa damu, yanasinyaa. Kizazi chenyewe kinapata damu kwa njia nyingine ndogo, kinapona.

Maumivu makali huja saa chache baadaye na hudumu kama siku moja, ndiyo maana unalazwa usiku mmoja upewe dawa. Wengi hurudi kwenye shughuli ndani ya wiki moja au mbili. Linganisha na kupasuliwa tumbo, ambako kwa wiki sita hadi nane hupaswi hata kuinua ndoo ya maji, na shambani ndiyo kwanza lumbesa zinajazwa.

Njia hii iliandikwa kwa mara ya kwanza kama tiba ya mayoma mwaka 1995, na madaktari wa Paris wakiongozwa na Jacques Ravina. Ina kasoro zake. Kati ya robo na theluthi ya waliofanyiwa hurudi kutibiwa tena ndani ya miaka mitano. Wachache hupata maambukizi. Waliovuka miaka 45 wanaweza kukoma hedhi mapema. Anayetaka mtoto kwa kawaida hushauriwa kutoa mayoma badala ya kuziba.

Inapatikana hapa Mbeya?

Kwa nchi yetu, huduma za tiba radiolojia, yaani tiba za kupitisha mirija kwenye mishipa kama hii ya kuziba, zilianza kujengwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Kwa hiyo mama wa Mbarali au Ludewa anayeambiwa "kuna njia nyingine" anaambiwa pia, kimyakimya, tafuta nauli, tafuta pa kufikia, na uulize bima yako inalipia nini kabla hujapanda basi.

Hili ndilo ninaloona tulidai. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na hospitali yake ya Wazazi Meta, inahudumia wanawake wa mikoa ya nyanda za juu kusini. Huduma hii ikisogezwa huku, mwanamke atachagua kwa ugonjwa wake, si kwa nauli yake. Hadi hapo, kutoa mayoma na kuacha kizazi ni kazi ya daktari bingwa wa wanawake, na mabingwa wapo kanda hii. Omba rufaa.

Kizazi changu kimeshuka. Nacho kitolewe?

Si lazima, na wala hicho si lazima kiwe cha kwanza kufikiriwa. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga (kama unayezuia mkojo), na kuna pesari, pete inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Wapo wanaoishi nayo miaka. Pia kuna upasuaji wa kukipandisha kizazi na kukishikiza bila kukitoa.

Kipimo cha siki kimeonyesha mabadiliko kwenye mlango wa kizazi.

Kipimo hicho ni kupaka siki mlango wa kizazi ili mabadiliko yaonekane. Mara nyingi hayo ni mabadiliko ya awali, bado si saratani. Kwa kawaida hutibiwa kwa tiba mgando (kugandisha kwa baridi kali) au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, unarudi nyumbani kwa miguu. Usikimbie, na usikubali hofu ikupeleke moja kwa moja kwenye kutolewa kizazi.

Dawa za kuyeyusha mayoma zinazouzwa Mwanjelwa na kwenye WhatsApp?

Sijaona uvimbe ulioyeyuka. Nimeona ini lililoharibika.

Mume wangu anasema atasaini yeye. Na daktari hatakasirika nikiuliza sana?

Fomu ya ridhaa ni yako wewe mtu mzima mwenye akili timamu. Mshirikishe mzee, ni vizuri, lakini mkono ni wako. Daktari naye, muulize hivi kwa heshima: Daktari, ugonjwa wangu unaitwaje? Nikisubiri miezi mitatu nitapata hatari gani? Mnaweza kuutibu mkaacha kizazi, na kama hapa hamuwezi, wapi wanaweza? Ovari zitabaki? Daktari mwenye haraka atakunja uso. Vumilia, uliza la pili. Jimbo la California, huko Marekani, limeweka sheria kwamba mwanamke aelezwe njia mbadala kabla hajatolewa kizazi, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza duniani kuuliza.

Mimi nimeshatolewa. Nifanye nini?

Rudi uombe maelezo ya upasuaji kwa maandishi: walitoa nini, waliacha nini, na majibu ya maabara ya kilichotolewa. Kama mlango wa kizazi uliachwa, endelea kupima saratani kama wengine. Kama ovari zilitolewa ukiwa chini ya miaka 45, muulize daktari kuhusu homoni na afya ya mifupa. Ukiona damu ukeni, hata tone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Hilo la damu linamhusu pia aliyekoma hedhi na kizazi chake bado anacho.