Utamu usiotokana na sukari katika jusi ya paketi: maswali na majibu

Swali: Paketi ya unga wa jusi tunayoinunua Darajani kwa ajili ya futari ni nyembamba, nayo hutosha jagi zima. Utamu wote huo unatoka wapi?

Jibu: Mara nyingi unatoka kwenye vikoleza utamu, yaani vitu vinavyotia utamu badala ya sukari. Aspatemu ina utamu wa takriban mara 200 ya sukari na sukralosi mara 600, ndiyo maana chembe chache hutosha. Igeuze paketi, usome yale maandishi madogo yaliyobanwa karibu na mshono: E951 ni aspatemu, E955 ni sukralosi, E954 ni sakarini.

Swali: Je, vinasababisha saratani?

Jibu: Mwezi wa Julai 2023, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi uliotajwa kuwa ni haba, na wakati huohuo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ilibakisha kikomo cha miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Gilasi moja, basi, isimtie mtu hofu. Ninaowahofia ni watoto, kwani mtu mzima wa kilo 70 kikomo chake ni miligramu 2,800, lakini mtoto wa kilo 15 ni 600 tu, na huyo mdogo ndiye anayekunywa jusi ya paketi nyumbani, kisha akanunua malai ya unga huohuo nje ya skuli.

Swali: Yupo asiyepaswa kuitumia aspatemu kabisa?

Jibu: Yupo: aliyezaliwa na fenilketonuria, maradhi adimu ambayo mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, kijenzi cha protini kilichomo ndani ya aspatemu.

Swali: Mama yetu ana kisukari. Vinywaji vilivyoandikwa kuwa havina sukari vinamfaa?

Jibu: Kikoleza chenyewe hakipandishi sukari ya damu kama ifanyavyo sukari ya kawaida, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2023, uliowataka watu wasivitegemee vikoleza hivi katika kupunguza uzito, haukuwahusu wenye kisukari. Hata hivyo, baadhi ya paketi huwa na maltodekstrini, unga wa wanga unaopandisha sukari ya damu kwa haraka, na nyingine huchanganya kikoleza na sukari yenyewe. Msomeeni paketi kabla ya kumkorogea, na siku asiyokuwa na hakika, maji ya ndimu yasiyotiwa sukari yatamtosha kufuturia.