Kisukari cha mimba: sukari ya mama inavyomfuata mtoto hadi ukubwani

Kisukari cha mimba ni hali ya sukari kupanda katika damu ya mjamzito ambaye hakuwa na kisukari kabla ya kushika mimba. Mara nyingi hugunduliwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na kwa wanawake wengi sukari hushuka muda mfupi baada ya kondo la nyuma kutoka. Ndiyo sababu wengi hudhani jambo hili huisha siku ya kujifungua. Kwa mama halijaisha, kwani ana hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili miaka ijayo. Kwa mtoto ndiyo kwanza linaanza, na huyo ndiye tunayemzungumzia hapa.

Tukisema afya ya kimetaboliki tunamaanisha jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi nguvu inayotokana na chakula. Ikiharibika, huonekana kwa unene wa kupindukia, sukari kupanda, mafuta mabaya kwenye damu, mafuta kwenye ini na presha ya juu.

Chanzo ni kondo la nyuma. Hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, ili chakula kingi zaidi kibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Huo ndio usugu wa insulini, na katika mimba ni jambo la kawaida kabisa. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, likiwa na afya hulijibu kwa kutoa insulini mara mbili ya kawaida, hata zaidi. Likishindwa kufika hapo, sukari hupanda.

Sasa angalia upande wa mtoto. Glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, huvuka kondo kwa urahisi, kwa hiyo ikipanda kwa mama hupanda kwa mtoto pia. Insulini ya mama haivuki. Mtoto hubaki na kongosho lake mwenyewe, ambalo huanza kutoa insulini karibu na mwisho wa miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na likimwagiwa sukari nyingi nalo humwaga insulini nyingi. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alieleza mlolongo huu tangu miaka ya 1950, na hadi leo ndio msingi wa kila kinachofundishwa kuhusu tatizo hili.

Kwa mtoto aliye tumboni insulini ni zaidi ya kishusha sukari: ni homoni ya ukuaji. Humnenepesha, hasa mabegani na kiwiliwilini, ndiyo maana mabega ya watoto hawa huweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafla lakini insulini ya mtoto bado iko juu, na sukari yake inaweza kushuka kiasi cha hatari katika saa za mwanzo. Kwa hiyo hunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza na kupimwa sukari mara kadhaa, hata akionekana mnene na mwenye afya. Unene huo ndio unaodanganya wengi.

Mtoto hunenepa, lakini pia viungo vyake hujengwa katika mazingira ya sukari na insulini nyingi. Sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na shibe, chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, chembe za mafuta na misuli, vyote huweka viwango vyake katika kipindi hiki. Majaribio ya panya yameonyesha mabadiliko hayo, na kwa binadamu yameonekana mabadiliko katika alama za kikemikali zinazoamua jeni (kinasaba) ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Jeni zenyewe hazibadiliki. Kinachobadilika ni namna zinavyotumika.

Msomaji makini atauliza: je, si urithi tu? Mama mwenye kisukari humpa mtoto jeni za kisukari, kwa nini tulaumu tumbo la uzazi? Swali ni la haki, na limejibiwa vizuri na tafiti za jamii ya Pima wa Arizona, Marekani, waliofuatiliwa kwa miongo mingi. Kati ya vijana wa miaka 20 hadi 24 ambao mama zao walikuwa na kisukari wakati wa mimba, asilimia 45 walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Kwa wale ambao mama zao walikipata baadaye, baada ya mimba hiyo, ilikuwa asilimia 8.6. Kwa wale ambao mama zao hawakukipata, asilimia 1.4. Kisha mwaka 2000 walilinganishwa ndugu wa familia moja: aliyezaliwa kabla mama hajagunduliwa na kisukari, na aliyezaliwa baadaye. Uwezekano wa aliyezaliwa baadaye kupata kisukari ulikuwa mkubwa zaidi ya mara tatu. Kisukari cha baba hakikuleta tofauti ya namna hiyo. Kwetu, huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko mwingine wote, kwa sababu ndugu hao wana wazazi wale wale.

Denmark nayo imeongeza kipande. Katika utafiti wa mwaka 2008 wa vijana wa miaka 18 hadi 27, waliozaliwa na mama wenye kisukari cha mimba walikuwa na kisukari cha aina ya pili au dalili zake za awali kwa asilimia 21, dhidi ya 4 kwa vijana wa kawaida. Waliozaliwa na mama wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho urithi wake ni tofauti, walifika asilimia 11, kwa hiyo si urithi peke yake.

Hata hivyo tusizidishe. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao HAPO uliwafuatilia watoto hadi umri wa miaka 10 hadi 14. Mwili kushindwa kumudu sukari kulionekana kwa asilimia 10.6 ya watoto ambao mama zao walikuwa na kisukari cha mimba, na asilimia 5 ya wengine. Maana yake, karibu watoto tisa kati ya kumi hawakuwa na tatizo hilo. Uzito wa mama kabla ya mimba nao unachangia sana, hasa kwenye unene wa mtoto. Tena, matibabu ya mama hupunguza wazi matatizo ya kuzaliwa na idadi ya watoto wakubwa kupita kiasi, lakini watoto wa mama waliotibiwa katika majaribio hawakuonekana kuwa wembamba kuliko wenzao walipopimwa utotoni. Huenda kusubiri hadi wiki ya 24 ni kuchelewa kwa baadhi ya mimba.

Kipimo kinachoaminika ni cha kunywa glukosi. Mama hukaa bila kula kwa saa 8 au zaidi, hutolewa damu, kisha hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye mililita 250 hadi 300 za maji, ndani ya dakika 5. Hutolewa damu tena baada ya saa 1 na saa 2, akiwa ametulia. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, thamani moja tu ikifika inatosha: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2 (milimoli kwa lita). Ikifika 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa 2, hicho ni kisukari kamili. Akitapika, kipimo hurudiwa siku nyingine. Kosa lisiloonekana ni damu kuachwa mezani kabla ya kupimwa: chembe nyekundu huendelea kula sukari, jibu hushuka, na mama mwenye tatizo huambiwa yuko salama. Kupima mkojo hakutoshi, kwa kuwa figo za mjamzito huweza kupitisha sukari hata ya damu ikiwa sawa.

Akigunduliwa, malengo ya kawaida ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula na chini ya 7.8 saa 1 baada ya chakula, kwa mlo uliopangwa na kutembea, na kwa dawa vikishindwa. Insulini anayochomwa mama haimfikii mtoto kwa kiasi cha kumdhuru.

Baada ya kujifungua, mama hupimwa tena kati ya wiki ya 4 na ya 12, na kunyonyesha kunawafaa wote wawili. Kwa mtoto, andika kwenye kadi yake kwamba mimba yake ilikuwa na kisukari, kwa sababu baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka kumwambia daktari. Akiwa na uzito uliozidi, mwongozo wa chama cha kisukari cha Marekani unashauri apimwe sukari kuanzia umri wa miaka 10 au anapoanza kubalehe, lolote litakalotangulia, na kurudia angalau kila baada ya miaka 3.