Stempu zenye chapa ya juu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jirani yangu wa Mikindani, mzee wa kuitwa babu, alinijia jioni moja na bahasha iliyoachwa na marehemu kaka yake. Ndani yake mlikuwa na stempu za Zanzibar, nyingine bado zimo kwenye vipande vya bahasha za zamani. Akachomoa moja yenye sura ya Sultani, juu yake pamegongwa JAMHURI 1964. "Mwanangu, hizi naona zimeharibiwa. Nizitupe?"

Nilimwomba asitupe hata moja. Swali lake nalisikia kila nikifungua albamu mbele ya watu, Mtwara mjini hata Lindi, na huja na wenzake. Nayajibu hapa kwa pamoja.

"Imeharibika, au imekosewa kiwandani."

Hapana. Stempu ya chapa ya juu imerudiwa kwa makusudi: imekwisha kuchapwa kama kawaida, kisha ikaongezewa jina la nchi, thamani mpya au herufi chache. Sababu kubwa ni haraka. Utawala ukibadilika leo, barua za kesho bado zinataka stempu, na kuagiza mpya kutoka Ulaya kwa meli kulichukua miezi. Basi huchukuliwa zilizopo.

Wajerumani mwaka 1893 walichukua stempu za kwao wakazipiga thamani za pesa, sarafu ndogo ya wakati ule, 2, 3, 5, 10 na 25, zitumike pwani yetu. Zanzibar mwaka 1895 ilitumia stempu za India zilizoandikwa jina lake juu. Tristan da Cunha, kisiwa kilicho peke yake katikati ya Atlantiki, kilianza mwaka 1952 kwa stempu za Saint Helena. Na hizi za babu ni za mwaka wa Mapinduzi: sura ya Sultani ilikuwa bado iko kwenye makabati ya posta, Sultani mwenyewe hayupo tena. Neno moja lilitosha kumwambia mpokeaji wa barua kwamba serikali ni nyingine.

"Ya zamani ni ghali, na ya mahali padogo ni ghali zaidi."

Hapa napenda kuwaonyesha watu Kionga, maana ni jirani yetu kabisa. Ukivuka Ruvuma kutokea Kilambo, ukashika njia ya Palma, unapita pale. Ilikuwa pembe ndogo ya ardhi ya Wajerumani kusini ya mto. Ureno ilipoingia vitani mwaka 1916 iliiteka mwezi Aprili, na mwaka huohuo ikatoa stempu zake: stempu za Lourenço Marques (Maputo ya leo) za reis 100, fedha ya Kireno ya zamani, zilizopigwa neno KIONGA na thamani mpya, nne tu, senti nusu, senti 1, senti 2½ na senti 5. Askari haohao wa Kireno walivuka mto, wakaingia Newala, na kabla mwaka haujaisha wakafukuzwa.

Mtu akisikia hivyo anadhani ameshika dhahabu. Ukweli ni kwamba stempu za Kionga ambazo hazijatumika zinapatikana bila shida, na bei yake ni ya mkusanyaji wa kawaida. Bei hufuata vitu viwili: zimebaki ngapi, na wanaozitaka ni wangapi. Umri peke yake hauongezi kitu. Mimi seti yangu ya Kionga siiuzi, lakini ni kwa sababu ya mto.

"Ukiona neno MAFIA juu ya stempu ya Mjerumani, umetoka kimaisha."

Dhana hii ndiyo inayowaliza wengi, nami ilinipata.

Jambo lenyewe ni la kweli. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kuiwinda manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Stempu za Kijerumani zilizokutwa kisiwani zikagongwa neno MAFIA kwa mkono. Baadaye zikaja nyingine zenye G.R., yaani Mfalme George, na Mafia, hata kwenye stempu za India zilizokwisha kupigwa I.E.F. kwa ajili ya majeshi ya India. Zilizo halali ni chache mno na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo zimeghushiwa tangu zamani, na bado zinaghushiwa. Mhuri wa mpira na kidau cha wino vinatosha kumfanya tapeli.

Yangu niliuziwa na muuzaji mmoja kwa njia ya posta. Ni ya heller 4 (senti za Mjerumani), ya kijani, yenye merikebu ya Kaisari, na neno MAFIA kwa wino mweusi. Nilikaa nayo miezi naifurahia. Siku moja mchana, jua likiingia dirishani, nikaiweka chini ya lenzi. Mhuri wa posta ulikuwa wa Dar es Salaam, mwaka 1911, na wino wa MAFIA ulipita juu ya duara la mhuri. Mafia ilitekwa 1915. Stempu iliyotumika Dar es Salaam mwaka 1911 ilikwisha kazi yake. Haikuwa kwenye kabati lolote la Mafia kungoja Waingereza. Mtu alichukua stempu ya bei ya chini akaigonga.

Tangu siku hiyo mambo mawili siyaachi: kwanza nasoma tarehe ya mhuri, kisha naangalia wino upi uko juu ya upi. Na stempu ya bei kubwa isiyo na cheti cha wataalamu siinunui, hata muuzaji aape.

"Herufi ikikosewa, hapo ndipo penye hela."

Wakati mwingine ndiyo. Kwenye zile za Zanzibar za 1895 kuna zilizoandikwa "Zanzidar", na hizo hutafutwa sana. Lakini nukta iliyokosekana au herufi iliyofifia kwa wino kidogo ni jambo la kila siku, na wenye kughushi wanapenda makosa kuliko sisi.

"Visiwa vya Chagos havina watu. Stempu zake ni za kuuzia wakusanyaji tu."

Naomba tulisikilize hili polepole. Mwaka 1968 stempu za Shelisheli zilipigwa herufi B.I.O.T., yaani eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, lililoundwa mwaka 1965 kwa kuvimega visiwa vya Chagos kutoka Mauritius na vingine kutoka Shelisheli. Chagos kulikuwa na watu, familia zilizofanya kazi ya mbata kwa vizazi. Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, na kimoja cha visiwa hivyo, Diego Garcia, kikawa kambi ya jeshi la Marekani. Kwa hiyo herufi zile nne zilianza kutumika katika miaka ileile wenyewe wakipakiwa melini. Mwaka 2021, katika mkutano wa Abidjan, Umoja wa Posta Duniani uliamua kutozitambua tena stempu za B.I.O.T. Mimi ninazo chache, na ukurasa wake nimeandika kwa kalamu: Chagos.

Tena si kila chapa ya juu ni ya utekaji. Réunion, tangu 1949 hadi mwisho wa 1974, ilitumia stempu za Ufaransa zenye herufi CFA kwa sababu ya fedha tu: faranga yake haikuwa sawa na ya Paris.

"Ioshe, ing'ae."

Usioshe. Huku kwetu unyevu wa bahari peke yake unatosha kulainisha gundi ya nyuma, stempu zikagandana kama mkate wa kumimina. Zitie kwenye vikaratasi vikavu, albamu isimame wima, mbali na ukuta unaotoa jasho. Ishike kwa kibano, si kwa vidole. Na iliyo kwenye bahasha iache kwenye bahasha. Mtu mmoja Lindi alinionyesha stempu ya Mfalme George wa Tano yenye chapa ya G.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya baada ya Waingereza kuingia huku Kusini. Aliikata kwenye bahasha, akailoweka, bahasha akaitupa. Mhuri ulikuwa umekaa nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Zimebaki herufi tatu, NDI, na tarehe haipo.

Vile vipande vya bahasha vya babu nimevirudisha kama vilivyokuja. Kimoja kina mhuri mzima, tarehe inasomeka.