Blanketi la Pili Litandikwe Chini

Wiki iliyopita, katika kambi ya Karanga mlimani Kilimanjaro, iliyo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliniita saa saba usiku akaomba blanketi la kuongeza. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa mzuri kuliko wangu, umejaa manyoya ya bata, lakini chini yake palikuwa na kigodoro cha sponji kilichochakaa, ambacho unene wake haukufika sentimita moja. Nilileta blanketi, nikamwomba ainuke kidogo, nikalitandika chini ya kigodoro. Alinitazama kwa mshangao na kusema, "Kaka, baridi iko huku juu." Nimeshaisikia kauli hiyo mara nyingi mno katika miaka yangu ya kuongoza watu mlimani, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Joto ni lako. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa takriban wati 80, na kazi ya mfuko ni kulichelewesha joto hilo lisitoroke. Kinacholichelewesha ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya, wala si manyoya yenyewe. Sasa ulalie mfuko huo: uzito wako unayabana manyoya yaliyo chini ya mgongo na nyonga, hewa inatoka, na upande huo unabaki na vitambaa viwili na manyoya yaliyobanwa hadi yakawa kama karatasi. Ukitaka kuhakikisha, lala ndani ya mfuko, kisha umwombe mwenzako apenyeze kiganja kati ya mfuko na kigodoro, chini ya nyonga yako, atahisi mfupa. Hapo ndipo joto linapotorokea, likiingia katika udongo wa volkano ulioganda, na ardhi haitosheki kwa joto la mtu mmoja. Asubuhi tunapong'oa hema, mara nyingine naona mahali alipolala mtu pamelowa na kulainika, ilhali pembeni udongo bado ni mgumu kwa barafu. Usiku kucha mtu huyo alikuwa anapasha mlima joto.

Wanaopanda kwa njia ya Marangu hawalijui jambo hili kwa sababu wanalala kwenye vitanda ndani ya vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Wapagazi wetu wanalijua sana. Ingia usiku katika hema wanamolala uone wanavyotandaza viroba vitupu na maboksi kabla hata ya kufikiria cha kujifunika.

Jambo linaloniudhi zaidi ni imani kwamba godoro nene ni godoro la joto. Wageni hufika na magodoro ya kujaza hewa yenye unene wa sentimita kumi, ya aina inayotumika sebuleni ndugu wanapokuja kutembea, nao hucheka wanapoona sponji yangu nyembamba. Hewa huzuia joto pale tu inapotulia. Ndani ya godoro pana lililo tupu, kila unapogeuka hewa husukumwa huku na huku, ile iliyopata joto la mgongo wako ikaenda kulipoteza sakafuni, na ile ya baridi ikaja mahali pake. Ndiyo maana magodoro ya hewa yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi huwekwa sponji, nyuzi au tabaka za karatasi inayong'aa ndani yake. Uwezo wa godoro kuzuia joto hupimwa kwa thamani ya R: godoro la hewa tupu hukaribia 1, kigodoro kizuri cha sponji yenye matundu yaliyofungwa hufika kama 2, na kwa ardhi iliyoganda mimi nataka 4 au zaidi. Thamani hizi hujumlishwa, kwa hiyo sponji iliyowekwa chini ya godoro la hewa ni msaada mkubwa. Sponji hiyo ina uzito wa nusu kilo hivi, na mpagazi anaruhusiwa kubeba kilo 20. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa ikiwapa wageni sponji zilizobonyea kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hata namba ya nyuzijoto iliyoandikwa kwenye mfuko, inayosema unafaa kwa baridi ya kiasi gani, inategemea godoro. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, mfuko hupimwa kwa sanamu yenye joto la mwili, iliyovishwa nguo za ndani na soksi na kulazwa juu ya godoro. Ukiondoa godoro, namba hiyo haikuhusu tena.

Mengine nitayasema kwa haraka. Kulala uchi ili "mfuko upate joto" ni kosa. Vaa nguo kavu zisizobana. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, ukajisikia vizuri huku joto likikutoka. Usipumulie ndani ya mfuko, kwa maana mvuke hulowesha manyoya. Ukibanwa na mkojo, nenda.

Nakiri kwamba usiku ule wa Karanga nilimpa mgeni pia chupa ya maji ya moto na kikombe cha uji, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni blanketi lililomtuliza. Blanketi nalo hubonyea likilaliwa, ingawa si kama manyoya. Tena nimewahi kuona watu waliotandika kila kitu ipasavyo wakitetemeka katika kambi ya Barafu, kwenye mita 4,673, kwa sababu walichoka na hawakula, na wengine waliotandika ovyo wakilala fofofo. Namba za mfuko na godoro ninazitumia kupanga safari, lakini sithubutu kumwahidi mtu usingizi kwa namba.

Usiku uliofuata tulikuwa Barafu, na tulitakiwa kuamka saa tano usiku kuanza safari ya kileleni. Nilipopita saa moja kukagua mahema, nilimkuta mgeni wangu amepiga magoti akitandaza koti lake la mvua na begi tupu chini ya kigodoro, na lile blanketi juu yake. Aliniuliza kama kule jikoni kumebaki boksi lolote.